Anayelea watoto wa wenzake naye ajilee

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye malipo. Ikiisha, kazi inamwita, na mtoto ambaye hata kukaa bado hawezi anahitaji mikono mingine. Kule Naivasha, ambako maelfu ya wanawake hufanya kazi katika mashamba ya maua, mara nyingi mikono hiyo ni ya jirani aliyetenga chumba kimoja au viwili, akatandika mikeka na magodoro, akaanza kupokea watoto kabla jua halijachomoza. Ukipita Karagita, kando ya ziwa, utavikuta vituo hivyo. Jijini Nakuru, katika mitaa kama Rhonda na Kaptembwo, hali ni hiyo hiyo.

Vituo hivi vikizungumzwa, maneno huishia kwenye jengo, choo na leseni. Hayo ni muhimu, sibishi. Lakini mimi leo nataka kumzungumzia mwenyewe mwenye kituo. Yeye ndiye mpishi, mweka hazina, msuluhishi wa wazazi, na mtoto akipata homa yeye ndiye wa kwanza kuamua. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulea watoto. Kaunti zikaajiri walimu wa chekechea, na mtoto wa miaka 4 au 5 akapata mahali pake. Wa chini ya miaka 3 amebaki mikononi mwa mwenye kituo, na mwenye kituo amebaki peke yake. Asipojiwekea mazoea ya kujifunza, atafanya mwaka wa kumi yale yale aliyoyafanya mwezi wa kwanza.

Zoea zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukubali kutazamwa. Hapa sisi wa Pwani tunalo la kuwaonyesha wenzetu wa Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan asaidie elimu ya watoto wao. Mradi ulioanzishwa ukafungua chekechea yake ya kwanza Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa nguzo zake, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wengi walikuwa akina mama wa mitaa ile ile, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya karibu. Lakini mafunzo hayakuishia ukumbini. Mkufunzi alimfuata mwalimu darasani kwake, akakaa, akatazama, kisha wakazungumza wawili hao juu ya kile kilichoonekana.

Wenye vituo wawili wa Rhonda wanaweza kufanya hivyo bila kungoja mfadhili. Asubuhi moja kwa mwezi, mmoja anamwachia msaidizi kituo chake na kwenda kukaa kwa mwenzake na daftari. Sharti ni moja: andika ulichokiona, usiandike hukumu. "Mtoto wa miezi 8 hakunyanyuliwa tangu saa mbili hadi saa tatu na nusu" ni maneno yanayoweza kufanyiwa kazi. "Msaidizi wako mvivu" ni ugomvi. Na amtazame sana yule mtoto mtulivu. Tumezoea kumsifu mtoto asiyelia, kumbe huenda ana njaa, ana homa, au amekwisha kujua kwamba akilia haji mtu.

Daftari hilo hilo litumike siku zote. Mtoto ameletwa na nani, saa ngapi, amekula nini, ameanguka wapi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hayapaswi kukaa zaidi ya saa 4 hivi nje ya friji, basi chupa isiyoandikwa saa ni ya kubahatisha. Kazi hasa iko Jumamosi jioni, pale mwenye kituo anapokaa dakika 20 na kuyasoma ya wiki nzima. Watoto 2 wameanguka kwenye ngazi ile ile? Hapo hakuna bahati mbaya, kuna ngazi ya kuwekewa kizuizi.

Elimu ya afya nayo huchakaa kama nguo. Mama zetu wengi walitulaza kifudifudi, na sisi tukadhani ndivyo; leo wauguzi wanashauri mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro lisilozama, bila mito na marundo ya blanketi usoni. Tena Nakuru si Mombasa. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na baridi ya Julai huko sisi wa huku hatuijui. Mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha ili watoto wapate joto. Makaa yakiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani wala haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko likae nje, watoto waongezwe sweta. Mwenye kituo aliyezoea kumuuliza muuguzi wa zahanati swali moja kila anapokutana naye huyapata haya mapema, bila gharama.

Sasa fedha, ambako naona hatari imejificha zaidi. Tuseme kituo kina watoto 12, kila mmoja shilingi 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 7,200. Watatu hawajalipa, zimebaki 5,400. Msaidizi analipwa 2,400, uji na makaa 1,800, kodi ya chumba kwa wiki 750. Kilichobaki kwa mwenyewe ni 450, yaani shilingi 75 kwa siku, pungufu ya ada ya mtoto mmoja. Mama huyu, kama pesa zinaingia kwenye M-Pesa yake ile ile ya kununulia unga wa nyumbani, hataiona hesabu hiyo. Ataona tu pesa hazitoshi, na dawa atakayoifikia haraka ni kuongeza watoto. Kumi na wawili wawe ishirini, mikono ibaki ile ile minne. Basi kutenga laini ya kituo na kuandika madeni kila jioni ni ulinzi wa mtoto kabla hakujawa biashara. Akijua hesabu yake, anaweza kuwaita wazazi na kuwaonyesha waziwazi kwa nini ada ipande kwa shilingi 20.

Mtu ataniuliza, na cheti je? Mimi mwenyewe nina diploma na siidharau karatasi. Anayeweza kusomea cheti cha malezi na elimu ya chekechea wakati wa likizo, asome. Ila nimeona wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kuinama kumsemesha mtoto.

Limebaki la wasaidizi. Msaidizi anayefokewa mbele ya wazazi atawafokea watoto wazazi wakishaondoka. Aitwe kando, aambiwe jambo moja, aonyeshwe kwa vitendo. Na hata akitendewa wema, Naivasha ina msimu wake. Kabla ya Februari 14, maua yanapokwenda Ulaya kwa wingi, kazi mashambani huongezeka, na msaidizi anaweza kuondoka siku hizo hizo ambazo akina mama wanachelewa kurudi kuchukua watoto. Mwenye kituo anayejua hivyo humtafuta mtu wa akiba Novemba, akamwita siku mbili tatu kwa wiki ajifunze majina ya watoto, nani ana pumu, nani halali bila kubebwa mgongoni.