Simu used: anayeandika daftari ndiye anayesumbuliwa

Mnunuzi wa simu used Kariakoo anabonyeza *#06#, analinganisha tarakimu 15 za IMEI na zilizo kwenye boksi, na kama boksi halipo, bei inashuka. Polisi wanataka mwenye duka naye afanye hivyo anaponunua: aandike IMEI kwenye daftari, achukue nakala ya kitambulisho cha muuzaji na namba yake, kisha atoe taarifa akiingiwa na shaka.

Mfanyabiashara mmoja, aliyeomba asitajwe, anasema alilishika daftari hilo kwa uaminifu hadi lilipomponza. Mwenye simu alikuja na RB ya polisi, askari wakafungua daftari, wakakuta kitambulisho kilikuwa cha mtu mwingine. Simu ikachukuliwa kuwa kidhibiti, hela yake haikurudi, na yeye akashinda kituoni akiandikishwa maelezo kama mtuhumiwa. Jirani yake anayenunua bila kuandika chochote hakuulizwa kitu. Angeulizwa nini, na hakuna pa kuanzia? Tangu hapo hanunui tena simu mkononi, anauza mzigo wa Dubai tu. Faida ni ndogo, lakini analala.

Ofisa mmoja anayefuatilia wizi wa simu anasema simu zinazorudishwa kwa wenyewe zinaongezeka. Huenda ni kweli. Ila hasemi ni ngapi zilizoripotiwa kuibwa, na bila hiyo hesabu, ongezeko hilo halipimiki.

Kuna jambo ambalo daftari haliligusi kabisa. IMEI inakaa kwenye bodi. Kioo, betri na kamera havina namba anayoiangalia mteja. Simu inayokataliwa dukani huishia kwa fundi, ikachinjwa, ikauzwa vipande. Wenye magari wanalijua hilo kutokana na spea zinazoibwa na kuishia Gerezani, ndiyo maana wengi huchora namba ya gari kwenye vioo na taa bila kumsubiri mtu.

Wenye maduka wanachodai ni kidogo: wajue kama IMEI imeripotiwa kuibwa kabla ya kutoa fedha, si baada ya askari kufika. Mwaka 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima kwa kutumia namba hizohizo, kwa hiyo kisingizio kwamba mitambo haipo hakiwaingii akilini.

Mzigo wa Dubai ukizidi kushuka bei, huenda maduka makubwa yakaacha kabisa kununua simu mkononi. Wenye meza za barabarani, ambao hawana hata daftari, wataendelea kununua.