Seva yako inaona mgeni mmoja tu? Muulize bawabu!

Wadau, hili wengi tunalijua kwa machungu yake. Umekaa zako kafe, umelipia nusu saa, unataka kuacha maoni kwenye tovuti fulani, unaambiwa umefungiwa. Na hujamtukana mtu! Kosa la nani?

Mara nyingine kosa ni la daftari. Kila seva ina logi, daftari linaloandika saa, ukurasa ulioombwa na anwani ya IP ya aliyeomba. Sasa tovuti nyingi zenye wageni wengi huweka proksi mbele ya seva. Huyu ni kama bawabu: anapokea ombi mlangoni, analipeleka ndani, analeta jibu. Shida ni kwamba seva ya ndani humwona bawabu tu. Logi nzima inajaa anwani moja, tuseme 10.0.0.5. Akija mhuni mmoja ukamfungia, umewafungia wote, na wewe mwenyewe umo!

Dawa ni bawabu aandike kikaratasi. Kinaitwa X-Forwarded-For, mstari ndani ya ombi unaobeba anwani ya mgeni. Kama seva ya ndani ni Apache 2.4, washa moduli ya mod_remoteip kisha weka:

RemoteIPHeader X-Forwarded-For
RemoteIPInternalProxy 10.0.0.5

Halafu kwenye LogFormat badilisha %h iwe %a. Wa Nginx, tumieni set_real_ip_from na real_ip_header. Washa upya seva, fungua tovuti kwa simu yako, tazama logi. Umejiona? Safi.

Ila angalia sana: kikaratasi hicho mtu yeyote anaweza kujiandikia uongo kabla hajafika mlangoni. Bawabu akiongeza, huandika anwani aliyoiona yeye mwisho kabisa, kulia. Kwa hiyo usisome ya kwanza kushoto ukaiamini. Na mtaje bawabu wako tu, usiruhusu dunia nzima.

Mnadhani natania? Mwanzoni mwa 2007 Wikipedia ilifungia anwani moja kwa sababu ya waharibifu. Kumbe karibu nchi nzima ya Qatar ilikuwa inatokea kwenye anwani hiyo, maana mtoa huduma wao alipitisha watu kwenye proksi moja! Kizuizi kikaondolewa baadaye. Pale proksi ilikuwa upande wa wateja, lakini somo ni lilelile: anwani si mtu.

Na hata ukirekebisha yote, kafe yenye kompyuta ishirini bado itaonekana kama anwani moja, kwani zote zinatokea kwenye mlango mmoja. Basi wenye tovuti, mkifungia, fungieni kwa saa chache, msifunge milele. Aliyekaa kiti hicho kesho hana hatia.

Haya wadau, nani yamemkuta? Tiririkeni hapo chini.