Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa kandokando ya Ghuba ya Speke hatuna budi kujiuliza: wageni wanaopita kwetu kwenda Serengeti wanamponya mwenyeji yupi?

Huko Ikoma, katika mkoa jirani wa Mara, ipo ngome ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwatiisha wenyeji. Baadaye ngome hiyo iligeuzwa kwa muda kuwa hoteli ya watalii. Mgeni alilala ndani ya kuta za dhuluma, akatazama nyumbu, akaenda zake. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na njia ya watalii waliokuwa wakiingia Serengeti wakitokea Nairobi ikakatika. Funzo ni wazi: biashara ya wageni inayoning'inia kwenye kamba ya mwingine haina uimara.

Kaskazini mwa Uingereza nako upo ukuta wa mpakani ulioanza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Roma. Waingereza nao walitawaliwa! Leo wakulima wanaoishi karibu na magofu ya ngome zake huwapangisha wageni nyumba ndogo za mapumziko. Mgeni hulala kijijini, hula chakula cha kijijini, na fedha hubaki kijijini. Ngome ya mtawala imegeuka riziki ya mtawaliwa.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, haukosi cha kuonyesha. Lamadi, wilayani Busega, iko karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na barabara ya lami inaiunganisha na Bariadi. Wilayani Meatu ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao. Kinachopungua ni nyumba safi za wanavijiji wenyewe, zijengwe kwa ushirika, ambamo mgeni atakula sato na michembe, na kusikia habari za watemi na ngoma za Kisukuma kutoka vinywani mwa wenyewe.

Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara msidhani neno hili haliwahusu. Samaki wa mgeni huyo watatoka katika maji yenu. Nanyi mnalo jumba la watemi kule Bukindo. Anayelala Lamadi leo aweza kesho kuvuka ghuba akalitazame, iwapo atakuta chombo salama na kitanda safi.

Kwa maofisa wa Serikali tunasema haya bila kificho. Mwanakijiji anayeishi jirani na hifadhi hukesha akilinda shamba lake dhidi ya tembo. Akiambiwa kwamba wanyama hao ni utajiri wa taifa, ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Mpimieni kiwanja, mfundisheni usafi na mapokezi, mrahisishieni leseni, na wala msimpe mwenye mtaji kutoka mbali ardhi ya kijiji kabla wanakijiji hawajakaa katika mkutano wao na kuamua.

Ardhi ni amana, na historia ni amana. Tusipozitunza wenyewe, tutabaki kando ya barabara, tukiyapungia mkono magari yanayopita.