Je, Wajua? Mbio za Formula 1, Kuanzia Mchujo hadi Bendera ya Mwisho

Msomaji wa Uvira anaweza kudhani Formula 1 ni mambo ya Ulaya yasiyomhusu. Yanamhusu sana. Ndani ya mbio hizi kuna mpira, madini, madereva na siasa zinazofika hadi huku kwetu kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Fuatana nasi kuanzia mchujo wa Jumamosi hadi bendera ya Jumapili, kisha tuitazame Afrika, maana bara letu lina haki yake ya kudai katika mchezo huu.

GARI LENYEWE

1. Je, wajua gari la magurudumu wazi ni gari gani? Ni la kiti kimoja, magurudumu yote manne yako nje ya bodi, na dereva hukaa karibu kulala, miguu imenyooshwa mbele. Magari ya Safari Rally ya Kenya ni mengine: yana bodi na milango kama gari la barabarani, na dereva ana msaidizi wa kumsomea njia. Kwenye Formula 1 dereva yuko peke yake. Ubingwa wa dunia wa mchezo huu ulianza 1950 huko Silverstone, Uingereza.

2. Je, wajua kuwa mbio za magari na mateso ya mpira wa Kongo ni vya zama zilezile? John Boyd Dunlop alitoa tairi lake la upepo 1888. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin waliingia mbio za Paris–Bordeaux–Paris na gari lenye matairi ya upepo. Grand Prix ya kwanza ilifanyika Le Mans, Ufaransa, 1906. Kuanzia 1885 hadi 1908, Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na wanavijiji wa misituni walilazimishwa kugema mpira kwa viboko, kwa kutekwa wake zao, hata kwa kukatwa mikono. Kiu ya dunia ya matairi ndiyo iliyoongeza tamaa ya mpira huo. Anayesimulia historia ya tairi akaacha ukurasa huu hajaimaliza.

3. Bawa la ndege huinua, bawa la gari la mbio hukandamiza. Limegeuzwa juu chini, ili upepo ulisukume gari liing'ang'anie lami. Likiwa kasini, nguvu hiyo hupita uzito wa gari lenyewe. Ndiyo maana linapita kwenye kona kwa kasi ambayo ingelitupa gari la kawaida nje ya barabara.

4. Je, wajua kuwa tangu 2014 magari haya hutumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme? Dereva akifunga breki, mota hugeuka jenereta na kujaza betri. Kwa kanuni za 2026, nguvu ya mota hiyo imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350. Kobalti ni madini muhimu katika betri nyingi za lithiamu duniani, na sehemu kubwa mno ya kobalti yote, zaidi ya theluthi mbili, huchimbwa Kongo.

MCHUJO

5. Nafasi za kuanzia hazipigiwi kura, hupiganiwa. Katika msimu wa 2025, magari 20 yaliingia awamu ya kwanza ya dakika 18, na 5 yenye kasi ndogo yakatolewa. Awamu ya pili ya dakika 15 ikatoa mengine 5. Kumi yaliyobaki yakagombania nafasi ya mbele kwa dakika 12.

6. Je, wajua kuwa madereva watatu waliwahi kulingana hadi sehemu ya elfu ya sekunde? Ilitokea Jerez, Hispania, 1997. Jacques Villeneuve, Michael Schumacher na Heinz-Harald Frentzen wote walipata dakika 1 na sekunde 21.072. Villeneuve alipewa nafasi ya mbele kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuuweka muda huo.

7. Mbio za Indianapolis 500 za Marekani zina mchujo wa aina yake: dereva hukimbia mizunguko minne mfululizo, na wastani wa kasi ndio unaompa nafasi. Huanza magari 33. Umbali wake ni km 805, mrefu kuliko Ziwa Tanganyika lote, lenye urefu wa karibu km 673.

KUANZA

8. Magari hujipanga kwa zamu, moja kulia, moja kushoto, kila moja likiwa mita 8 nyuma ya lililotangulia. Taa nyekundu tano huwaka moja baada ya nyingine. Hakuna taa ya kijani ya kuanzia: nyekundu zote zikizimika, mbio zimeanza. Muda wa kusubiri zizimike haujulikani, ili dereva asiweze kubahatisha.

9. Grand Prix huwa na mizunguko inayotosha kupita km 305. Monaco peke yake, kwa barabara zake nyembamba za mjini, hupewa umbali mfupi, kama km 260. Spa nchini Ubelgiji, mzunguko mmoja tu ni km 7.004, hivyo mizunguko 44 inatosha.

10. Je, wajua mbio zilizokwenda kasi kuliko zote? Ni za Monza, Italia, Septemba 2025. Max Verstappen alishinda kwa wastani wa zaidi ya km 250 kwa saa, na hapo umehesabu kona zote pamoja na kusimama kubadili matairi.

11. Mwinuko nao una neno lake. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya bahari. Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200. Hewa ya huko ni nyepesi: hailizuii sana gari kwenye njia iliyonyooka, lakini inayanyima mabawa nguvu na inashindwa kupoza breki. Huko ndiko Valtteri Bottas alikofikia km 372.5 kwa saa mwaka 2016. Kwa kasi hiyo, upana wa wastani wa ziwa letu, km 50, ungepitwa kwa kama dakika 8.

12. Anayeishi Uvira anajua joto, lakini ndani ya gari la mbio joto linaweza kupita nyuzi 50. Qatar, 2023, Esteban Ocon alitapika ndani ya kofia yake akaendelea kuendesha, na Logan Sargeant akalazimika kuacha mbio. Tangu 2025, ikitabiriwa nyuzi 31 au zaidi, waandaaji hutangaza hatari ya joto, na magari hufungwa vifaa vya kupoza mwili wa dereva.

KATIKATI YA MBIO

13. Je, wajua kuwa matairi manne yaliwahi kubadilishwa kwa sekunde 1.80? Ni kazi ya timu ya McLaren kwa gari la Lando Norris, Qatar 2023. Tazama inavyokwenda. Gari linasimama juu ya alama zilizochorwa chini. Jeki ya mbele na ya nyuma zinaliinua kwa pamoja. Kila gurudumu lina watu watatu: mmoja anafungua nati kwa bastola ya upepo, wa pili anavuta tairi lililochakaa, wa tatu anasukuma jipya, na yule wa kwanza anafunga. Nati ni moja tu, katikati ya gurudumu. Pembeni wako wanaolishika gari lisiyumbe. Jeki zinashuka, taa inageuka kijani, gari limeondoka. Kwa muda huo motari wa Uvira hajamaliza kufungua kifuniko cha tanki.

14. Mafuta hayaongezwi njiani; kanuni iliyokataza imedumu tangu 2010. Matairi ndiyo hubadilishwa, na rangi ubavuni hueleza aina yake: nyekundu ni laini, njano ya kati, nyeupe gumu. Kijani ni la mvua ndogo, buluu la mvua kubwa. Laini hukimbia sana na kuisha mapema. Gumu huchelewa kupata moto lakini hudumu. Bila mvua, dereva hulazimika kutumia angalau aina mbili.

15. Bendera ndizo sheria zinazoonekana. Njano: hatari mbele, punguza kasi, usipite mtu. Nyekundu: mbio zimesimamishwa. Buluu: anayekufuata amekuzidi mzunguko mzima, mpishe.

16. Je, wajua kuwa upinde wa titani ulio juu ya kichwa cha dereva ulipingwa na wengi ulipoletwa 2018? Walisema unaharibu sura ya gari. Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipasua uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Upinde ule ulikikinga kichwa chake. Alikaa motoni sekunde 28, akatoka kwa miguu yake, mikono imeungua, uhai upo.

KUMALIZA

17. Monza, 1971: Peter Gethin alimshinda Ronnie Peterson kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na magari matano ya kwanza yalipita mstari ndani ya sekunde 0.61.

18. Kutangulia kupita mstari bado si ushindi. Spa, Julai 2024, George Russell alimaliza wa kwanza baada ya kubadili matairi mara moja tu. Gari lilipopimwa lilikuwa na kilo 796.5, wakati kanuni ilidai 798. Kilo moja na nusu ikamnyang'anya ushindi, ukaenda kwa Lewis Hamilton.

19. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, na hesabu hushuka hadi wa kumi, anayepata 1. Wa kumi na moja hapati kitu.

AFRIKA NA SISI

20. Je, wajua kuwa kuna dereva wa Formula 1 ambaye safari yake ya mbio ilianzia Kongo? Olivier Gendebien, Mbelgiji, alifanya kazi ya misitu katika Kongo ya kikoloni. Akiwa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, alikutana na dereva wa rali Charles Fraikin, wakaungana. Gendebien alikuja kushinda Saa 24 za Le Mans mara nne, na 1960 akapanda jukwaani mara mbili katika Formula 1, Ubelgiji na Ufaransa.

21. Ubingwa wa dunia wa 1958 uliamuliwa Casablanca, Moroko. Stirling Moss alishinda mbio hizo, lakini Mike Hawthorn alimaliza wa pili akachukua ubingwa kwa pointi 42 dhidi ya 41.

22. Januari 1967, huko Kyalami, Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, aliongoza hadi karibu na mwisho. Akalazimika kuongeza mafuta, akamaliza wa pili.

23. Bingwa wa dunia kutoka Afrika ni mmoja tu: Jody Scheckter wa Afrika Kusini, 1979, akiwa na Ferrari. Mwenzake wa nchi moja, Desiré Wilson, alishinda mbio za Formula 1 za ligi ya Uingereza mwaka 1980 huko Brands Hatch. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushinda mbio za magari ya Formula 1.

24. Grand Prix ya mwisho Afrika ilikuwa Kyalami, Machi 1993, na Alain Prost ndiye aliyeshinda. Juni 2025 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliidhinisha mipango ya kuuboresha uwanja huo ufikie daraja la Formula 1.

25. Desemba 2024 FIA ilikutana Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza kuwa Rwanda inaomba kuandaa Grand Prix. Wiki chache baadaye waasi wa M23 waliiteka Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi Rwanda inavyolisaidia kundi hilo, Kigali inakanusha. Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakuu wa Formula 1 akiwataka wakomeshe mazungumzo na Rwanda kuhusu ombi hilo.

26. Basi tuseme wazi. Tunazitaka mbio hizi zirudi Afrika. Bara lililogemeshwa mpira, linalochimba kobalti, na lililowatoa Love, Scheckter na Wilson halistahili kubaki mtazamaji. Lakini zirudi mahali ambapo kijana wa Uvira atashangilia bila kuwasaliti jamaa zake waliokimbia vita. Wanaopanga ratiba ya Formula 1 wanajua kupima gari hadi nusu kilo. Waupime na uzito huu.