Kukereza Mpini wa Koki

Mtu akiuona ufito mzuri wa kuvulia samaki hutazama kwanza urefu wake, kisha kigurudumu cha mshipi, kisha ndoana. Mara chache hutazama mahali pa kushikia. Hali samaki akigusa chambo, habari zake humfikia mvuvi kwa njia ya mpini. Mpini ukiwa mnene kupita kiasi, vidole huchoka. Ukiwa na utelezi, ufito huzunguka mkononi. Ukipasuka, samaki huenda zake. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kutoka shuleni, jinsi mpini wa koki unavyotengenezwa juu ya kerezo, yaani mashini ya kukerezea. Ni kazi ndogo, lakini yataka subira kuliko kukereza mguu wa meza.

Yafaa kwanza tujue koki ni kitu gani. Sisemi koki ya bomba la maji, bali ile ambayo vizibo vya chupa hutengenezwa. Ni gome la mti wa jamii ya mwaloni, unaoota katika nchi za magharibi ya Bahari ya Mediterania. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya koki yote ya dunia, na Hispania huifuata. Mti wenyewe haukatwi. Wakati wa joto mafundi hupasua gome kwa shoka, wakalibandua kwa uangalifu bila kuujeruhi mti, nao hukaa ukaota gome jingine. Mti hubanduliwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, na baada ya hapo ni lazima upumzike miaka 9 au zaidi. Tena gome la mara ya kwanza na la mara ya pili ni gumu na lenye mikunjo. Gome zuri hupatikana tangu mara ya tatu. Fanyeni hesabu: 25 na 9 na 9 ni 43. Aliyepanda mti huo akiwa kijana atapata koki nzuri akiwa na mvi.

Nimeyasema hayo kwa sababu moja. Kipande unachokishika juu ya kerezo kimekua kwa miaka 9, na mkono wenye pupa waweza kukiharibu kwa nukta 9.

Sasa, kwa nini wavuvi wakachagua gome hili? Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitangaza katika kitabu chake mambo aliyoyaona kwa darubini ndogo. Alikuwa amekata ubale mwembamba wa koki, akaona vyumba vidogo vidogo vingi kama vya sega la nyuki, akaviita seli. Jina hilo ndilo tunalolitumia katika masomo ya elimu ya viumbe mpaka leo. Vyumba hivyo vimejaa hewa, na kuta zake zina kitu cha namna ya nta kisichopitisha maji. Basi koki ni nyepesi, huelea, hailoweki upesi, wala haipokonyi mkono joto lake. Katika nchi jirani ya Kenya, samaki waitwao trauti waliletwa kutoka ng'ambo mwaka 1905, na mpaka sasa huvuliwa katika mito ya milimani, penye maji ya baridi sana. Mtu aliyesimama huko alfajiri, mikono yake imelowa, hahitaji kuelezwa faida ya mpini usio baridi.

Tuingie karakanani. Koki ya kazi hii huuzwa kwa pete. Pete ya kawaida ina upana wa milimita 32, unene wa nusu inchi, yaani karibu milimita 13, na tundu la milimita 6 katikati. Mpini wa inchi 7 wataka pete 14. Zipange mezani, uzitazame moja moja. Kila pete ina vishimo, kwa maana gome hupumua kwa njia ya vishimo hivyo. Zenye vishimo vichache ziweke kwenye ncha mbili za mpini, kwa sababu huko ndiko utakakopunguza sana, na kishimo kikubwa mahali pembamba ni mwanzo wa ufa.

Kisha chukua nondo nyembamba yenye hesi, inayoingia tunduni bila kulegea. Ipake nta ya mshumaa ili gundi isiishike. Tia pete moja moja, ukipaka gundi isiyoyeyuka majini juu ya uso wa kila pete. Gundi iwe nyembamba sana. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba gundi nyingi ni nguvu nyingi. Gundi ikikauka huwa ngumu kuliko koki. Msasa utakula koki upesi na gundi polepole, na mwishowe kila kiungo kitasimama kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Ukimaliza, weka kibati cha duara na nati kila upande, ukaze kiasi cha kuzikutanisha pete tu. Ukikaza mno, gundi yote itatoka nje, na koki iliyobanwa itataka kurudi katika unene wake na kuvivuta viungo. Iache mpaka kesho yake.

Siku ya pili, funga ncha moja ya nondo katika taya za kerezo. Ncha ya pili itegemezwe na kichwa cha nyuma cha mashini. Usiiache ikining'inia, kwani ikizunguka kwa kasi hujikunja na kupiga kama mjeledi. Kabla ya kuwasha, izungushe kwa mkono uone kwamba haigusi kitu. Kunja mikono ya shati, vua tai, vaa miwani ya kazi, jifunge kitambaa puani na kinywani, maana vumbi la koki ni jepesi, tena huingia kifuani.

Ukiwa umezoea kukereza mti, mkono wako utatafuta patasi. Uzuie. Mti mgumu husimama imara mbele ya makali, nayo hukata. Koki ni laini. Hubonyea kwanza, kisha hung'oka punje nzima, ukabaki na shimo ambalo halikuwapo. Koki haikatwi, hulishwa msasa. Neno hili msasa ni jina la mti wetu ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani kufika. Basi fundi wa koki amerudi kwenye desturi ya babu zetu.

Kata karatasi ya msasa iwe utepe mrefu, namba 80 kwa kuanzia. Shika ncha zake mbili kwa vidole, uupitishe chini ya koki, usiuzungushie mkono kamwe: mashini ikiunyakua, na uende wenyewe bila kidole chako. Mwendo wa mizunguko 1,000 kwa dakika watosha. Pete yenye upana wa milimita 32 ina mzingo wa milimita 100 hivi. Kwa hiyo kila dakika msasa hupitiwa na meta 100 za koki. Hiyo ni kasi ya kutosha kula, na ni kasi ya kutosha kuunguza. Kwa kuwa koki haipitishi joto, joto la msasa hukaa pale pale juu ya uso. Ukisimamisha utepe mahali pamoja utaona mstari mweusi na kusikia harufu ya kuungua. Usogeze daima, kulia na kushoto, kama mtu apigaye deki.

Kwanza fanya mpini wote uwe mviringo sawasawa. Halafu tia alama za penseli na uanze umbo. Umbo rahisi kwa mwanafunzi ni lile la sigara nene: ncha ya nyuma, karibu na kigurudumu, milimita 20, mbele kidogo, kiganja kinapokaa, milimita 26, kisha lipungue taratibu mpaka milimita 13 kwenye ncha ya mbele. Vipimo hivi si amri, maana mikono ya watu haifanani. Zima mashini kila mara kabla ya kupima, nawe upime kwa kalipa, si kwa macho. Ikibaki nusu milimita, acha namba 80. Tumia 120, kisha 240, kisha 400, na hiyo nusu milimita itakwisha yenyewe kwa kulainisha.

Nasema juu ya kalipa kwa uchungu, kwa kuwa mpini wangu wa kwanza niliupima kwa jicho. Ulikuwa mzuri mezani, wenzangu wakausifu. Lakini ufito wenyewe, pale ulipopita, ulikuwa na unene wa milimita 8. Kama ncha ya mbele ingekuwa milimita 13, ukuta wa koki ungekuwa milimita 2 na nusu kila upande. Mimi nilikuwa nimeipunguza mpaka 10. Ukuta ukabaki milimita 1, na penye kishimo haukuwapo kabisa. Siku ya kwanza mtoni nilivuta samaki mmoja tu, ncha ikavunjika katika kidole gumba changu. Sikuwa na pete nyingine. Nilikaa ukingoni nikitazama vipande vile, nikakumbuka kwamba mtu mmoja huko Ureno alingoja miaka 9 ili mimi nifanye haraka.

Ukimaliza umbo, toa nondo kwa kuizungusha polepole. Sasa tundu lapaswa kulingana na ufito, ambao ni mnene nyuma na mwembamba mbele. Usitumie keekee, itashika koki na kuirarua. Tumia tupa nyembamba ya mviringo, au kijiti kilichogandishwa msasa, ukisugua kwa mkono na kugeuza mpini mara kwa mara ili tundu lisielemee upande mmoja. Jaribu, toa, sugua, jaribu tena. Mpini ukisimama kiasi cha sentimita 2 kabla ya mahali pake, umekaribia. Sugua kidogo tu tena, paka gundi juu ya ufito, uusukume kwa mzunguko mpaka ufike. Futa gundi iliyotoka kabla haijakauka.

Vishimo vilivyobaki huzibwa kwa unga ule ule wa koki ulioanguka chini ya mashini, uliochanganywa na gundi kidogo. Ukikauka, usugue kwa mkono kwa msasa namba 400. Kwa hiyo usifagie upesi; hifadhi unga ule katika kikopo.

Huenda msomaji atasema, "Kerezo lipo shuleni, lakini pete za koki nitazipata wapi?" Ni kweli hazipatikani kila mji. Lakini mazoezi hayangoji koki. Chukua kandambili kuukuu, zile nyepesi za povu. Ukate duara, utoboe katikati, gundisha, ukereze kwa msasa kama nilivyoeleza. Povu la namna hiyo hutumika hata viwandani kwa mipini ya fito za siku hizi. Ukiharibu kandambili, hujapoteza kitu ila muda wa alasiri moja. Ukiweza kupata milimita 13 pale ulipotaka milimita 13, mara tatu mfululizo, hapo mkono wako umestahili koki.

Na ninyi mliotoka shuleni, ambao labda mna karakana zenu, msione kazi hii kuwa mchezo wa watoto. Anayeweza kuzuia mkono wake juu ya kitu laini atauzuia juu ya mninga na juu ya shaba pia. Kilichobaki juu ya kerezo chaweza kupunguzwa kesho. Kilichoanguka chini kimekuwa unga, nao kazi yake ni kuziba vishimo tu. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Mimi niliisikia methali hiyo mara nyingi darasani, lakini sikuielewa mpaka siku ile ukingoni mwa mto.