Floraidi Haiungui kwa Jua

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu: nikitia unga mweupe wa titaniamu kwenye maji ya kisima cha Kitengela, Kajiado, kisha niyaanike juu ya bati, floraidi itakwisha? Haitakwisha. Anika mwezi mzima ukitaka. Maji yatapungua kwa mvuke, na floraidi itazidi katika kila lita iliyobaki.

Imani hii ina nguvu kwa sababu imeegemea jambo la kweli. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kwamba titaniamu dioksaidi ikipigwa na mionzi ya urujuanimno inaweza kuyatenganisha maji. Leo inajulikana vizuri kwamba unga huo, ukiwa ndani ya maji na ukipata mwanga, huzalisha haidroksili, chembe kali zisizodumu, zinazorarua misombo ya kaboni: rangi za viwandani, viuatilifu, masalia ya dawa za josho. Neno la kushika hapo ni kaboni. Floraidi haina kaboni wala mnyororo wa kukatwa. Ni atomu ya florini iliyokwisha kujipatia elektroni iliyokuwa ikiitafuta, na hakuna elementi inayong'ang'ania elektroni kuliko hiyo. Kutaka jua liiunguze ni sawa na kutaka kuunguza majivu. Kibaya zaidi, baadhi ya viuatilifu vyenyewe vina florini, na vikivunjwa barabara hutoa floraidi. Kichocheo kikifanya kazi vizuri, basi, kinaweza kukuongezea kidogo kile unachokikimbia.

Kuna wanaojibu kwamba jua lilikwisha kuthibitishwa hapa hapa Kajiado. Ni kweli, lakini lilithibitishwa kwa jambo gani? Utafiti wa Conroy na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, ulifuatilia watoto 206 wa Kimaasai wa miaka 5 hadi 16. Wengine waliweka chupa zao za plastiki juani juu ya paa, wengine wakaziacha ndani. Waliotumia jua walihara kidogo kuliko wenzao. Kilichopimwa ni kuhara, yaani vijidudu. Chupa zile hazikuwa na unga, na floraidi haikuwa hoja. Wengine husema maji yao yameng'aa baada ya kuanikwa. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo kung'aa si ushahidi wa chochote. Na anayekimbilia duka la rangi ajue kwamba titaniamu ya rangi kwa kawaida hupakwa silika au alumina kwa makusudi, ili isichochewe na mwanga na kuifanya rangi ya ukutani itoe vumbi kama chaki. Ananunua kichocheo kilichofungwa mdomo kiwandani! Hata unga ambao haujafungwa una shida zake: mionzi unaoihitaji ni takriban asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, bikaboneti iliyojaa katika maji mengi ya visima vya miamba ya volkano huzimeza haidroksili kabla hazijafika kwa kiuatilifu, na kuuchuja unga wenyewe baadaye ni kazi nyingine.

Basi fanya hivi. Pima maji kwanza kwenye maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Yakizidi, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati kwa ajili ya kunywa na kupikia, au tumia chujio la mkaa wa mifupa na ulibadilishe likichoka, au mtambo wa utando unaosukuma maji kwa shinikizo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Chupa safi juani kwa saa 6, maji yasiwe na tope, ni kwa vijidudu pia. Kwa viuatilifu, kaboni amilifu. Na kama maji salama hayawatoshi wote nyumbani, anza na watoto wadogo: meno ya kudumu ya mbele huundwa ndani ya ufizi kabla mtoto hajafika miaka 8, na doa la floraidi likishaingia humo haliondoki kwa mswaki.