Mguu wa Boti Unapocheza: Kutengeneza Sehemu za Usukani Zilizolika (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza stendraivu ni kitu gani: injini imekaa ndani ya boti, karibu na tezi, na mguu wenye gia na propela umetokeza nje kupitia ukuta wa tezi. Mfumo huu uliingia sokoni mwaka 1959, Volvo Penta ya Sweden ilipoonyesha Aquamatic yake mjini New York. Mwaka 1961 Mercury ya Marekani ikaja na MerCruiser. Leo tunashughulikia ubovu ambao wenye boti wengi huuvumilia kwa miaka, yaani usukani unaocheza. Mfano wetu ni MerCruiser Alpha One, mashine ambayo mafundi wa stendraivu wameifungua mara nyingi na wanajua inapoanzia kulika.

Boti ya aina hii haina ubao wa sukani majini. Kinachoipa mwelekeo ni mguu wenyewe, unaogeuka kushoto na kulia pamoja na propela yake. Nahodha akizungusha usukani, kebo huvuta au kusukuma mkono wa chuma ulio ndani, nyuma ya injini. Mkono huo huzungusha shafti fupi iliyosimama wima, na shafti huzungusha pete kubwa ya aluminiamu inayoubeba mguu, iitwayo pete ya gimbali. Chini, pete hiyo hushikwa na pini nyingine yenye bushi zake. Nguvu yote ya kugeuza mguu hupita katika shafti ile fupi, na hakuna kingine cha kuisaidia ikishindwa.

Ubovu wenyewe huanzia mahali padogo sana. Kichwa cha shafti ni cha mraba, nacho huingia katika tundu la mraba kwenye pete, kisha bolti huibana pete ili ikishike. Shafti ni ya chuma cha pua. Pete ni ya aluminiamu, madini laini zaidi. Bolti zikilegea kidogo tu, pembe za shafti huanza kuzitafuna kuta za tundu. Ni kama mpini wa jembe uliolegea: kila pigo hulipanua tundu, na tundu likipanuka pigo linalofuata huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuharibu. Maji ya chumvi huongeza madhara, kwa sababu madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji hayo, lile dhaifu huliwa. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka ungio ni aluminiamu inayokwisha.

Kabla ya kununua kipuri chochote, tenganisha ubovu na tabia ya kawaida ya boti. Stendraivu ikienda polepole bandarini huyumba kidogo huku na huku hata ikiwa mpya, na hakuna bushi itakayoiponya. Vilevile boti inayovuta upande mmoja ikiwa kasi mara nyingi inahitaji kurekebishiwa kibati kidogo kilicho juu ya propela. Ikivuta kulia, ncha ya nyuma ya kibati husogezwa kulia. Ikivuta kushoto, husogezwa kushoto. Nimeona watu wakiingia gharama ya pete mpya kwa tatizo ambalo spana moja ingelimaliza.

Kipimo cha kweli hufanywa boti ikiwa nchi kavu, injini imezimwa na mguu umeshushwa. Mtu mmoja ashike usukani kwa nguvu. Wa pili ashike mguu chini kabisa, kwenye pezi lililo chini ya propela, ausukume kushoto na kulia. Wa tatu aingie ndani na tochi, autazame mkono wa chuma. Mguu ukicheza na mkono umetulia, ubovu uko nje: kwenye mraba wa shafti, kwenye bushi, au kwenye pini za bawaba zinazouruhusu mguu kuinuka. Mkono ukicheza pamoja na mguu huku usukani hauendi popote, kagua kebo na maungio yake. Katika boti zenye pawa ya usukani, mwendo mdogo wa vali injini ikiwa imezimwa ni wa kawaida. Huyo aliye ndani atazame pia kama kuna matone ya maji chini ya mkono. Maji hapo yanaonyesha kuwa sili ya shafti imekwisha, na aghalabu bushi yake iko njiani kuifuata.

Sasa tuje kwenye tiba. Watu wengi hukimbilia kukaza bolti. Ikiwa tundu halijaharibika, kukaza kunatosha, mradi utumie spana ya kupimia nguvu na kipimo cha kitabu cha mashine yako. Lakini tundu likishapoteza pembe zake, kukaza kunaficha ubovu kwa majuma machache tu. Wapo wanaochomeka vibati vyembamba kati ya shafti na pete, na wapo wanaojaza gundi ya chuma. Mimi siyakubali yote mawili katika kiungo kinachobeba uhai wa watu. Kujaza tundu kwa welding ya aluminiamu na kulichonga upya kunawezekana, lakini kunataka fundi mahiri na karakana yenye mashine ya kuchongea. Tiba ya uhakika ni pete mpya, shafti mpya, bushi mpya na sili mpya, vyote pamoja. Shafti iliyolika ikiingizwa katika pete mpya itaanza kuitafuna mara moja.

Ugumu wa kazi hii uko katika kuifikia shafti. Mahali inaposhikana na mkono pamejificha ndani ya nyumba ya gimbali, na njia ya asili ni kung'oa mguu, kisha injini, kisha nyumba yote. Mafundi wengi siku hizi hutoboa matundu ya kufikia nati kwenye nyumba hiyo, hufanya kazi yao, halafu huyaziba kwa vizibo vya nyuzi vyenye dawa ya kuzuia maji. Injini hubaki mahali pake. Njia hii ni nzuri ikifanywa kwa vipimo. Ikifanywa kwa kubahatisha, unaharibu nyumba nzima.

Mguu ukishatoka, usiurudishe bila kukagua mipira ya mikunjo inayozuia maji yasiingie pale ekseli inapopita. Mpira mmoja uliochanika unaweza kuizamisha boti ikiwa imefungwa gatini. Zungusha pia beringi ya gimbali kwa kidole, ikikwaruza, ibadilishe. Kama injini ilitolewa au kusogezwa, ipangwe upya kwa chuma maalumu cha kupangia, kinachopaswa kuteleza ndani na nje bila kulazimishwa. Halafu paka grisi ya baharini, funga zinki mpya, na usizipake rangi kamwe, kwani zinki yenye rangi haikingi chochote.

Wiki ijayo tutafungua kebo na pawa ya usukani. Kwa sasa, mwenye boti, nakuomba ufanye kile kipimo cha watu watatu kabla hujapakia abiria tena. Mguu ukicheza, boti ibaki nchi kavu hadi itengenezwe.